Jua la Wati Sitini

Hujafika bado, na tayari una nyumba
kabla ya godoro la Kaaka
tulilomwahidi tangu mwaka wa korona.
Sanduku lako kalipiga randa Rwamafa, fundi majeneza:
kioo mbele, matundu ya hewa ubavuni.
Aliuliza, kalamu sikioni, "Marehemu ana urefu gani?"
Nikamjibu: nusu mita, mkia ukiwemo.
Hakusema kitu. Aliandika.

Hapa Kabale ukungu hupanda kutoka bondeni
ukaingia jikoni bila hodi,
ukakaa kama shemeji.
Chai hupoa ungali unaipuliza.
Nani basi, mwenye akili zake,
huleta huku kiumbe wa jangwa
ambaye asipoota joto
chakula humlalia tumboni kikaoza?

Ni Atuhaire. Ana miaka kumi na mmoja, na daftari.
Ukurasa wa kwanza: *Mjusi mwenye ndevu. Si kenge.
Si kinyonga. Mwambie Kaaka.*
Wa pili: *Huku nyuzi arobaini, kule ishirini na tano,
achague mwenyewe.*
Wa tatu: *Mchanga hapana, ataumeza umzibe. Vigae.*
Wa nne ni wino mwekundu:
*Parachichi hapana.
Vimulimuli hapana, hata mmoja. Humuua.*

Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi,
peke yangu dukani, cherehani imenyamaza.
Utotoni, kambi ya polisi, tulivikamata vimulimuli
tukavitia kwenye chupa ya soda, tukatembea navyo gizani.
Sikujua yuko mnyama aishiye kwa taa
na akiimeza, hufa.

Nyenje wako wamo kwenye debe, wanatukesha.
Mchicha upo, na majani ya maboga.
Ugomvi ulikuja na senene, Novemba:
Atuhaire alikuwekea kikombe kizima.
"Mjusi ale senene," baba yake akasema, "mimi nile nini?"
Tukagawa. Fungu lako
alikula yeye huyo huyo, usiku, kwa kuwa hukuwapo.

Muuzaji wa Ntinda, Ssenkungu, nimempigia mara nne.
Ana kibali? Kazaliwa kizimbani au katekwa?
Macho ni maangavu? Anakula?
Kila swali, "ndiyo mama", upesi mno.
Hela zitakaa sidiriani
mpaka nikuone kwa macho yangu ukimkimbiza nyenje.

Wiki tatu taa inawaka juu ya vigae vitupu.
Tunapima.
Kaaka aliapa: mlango utakaoingilia wewe
ndio atakaotokea yeye.
Juzi alfajiri nikamkuta kwenye kigoda chake,
viganja kwenye kioo, kanga imemteleza begani.
"Na mimi napima," akasema.

Jana, saa tano usiku, umeme ukakatika.
Tuliamka wote.
Chupa za maji ya moto, gunia, blanketi la kijani,
na juu ya yote shuka la Kaaka, alilolitoa mwenyewe
bila kumtazama mtu.
Wanne sisi, tumelizunguka sanduku tupu,
na hakuna aliyecheka.
Kulipokucha Atuhaire akatia mkono ndani:
nyuzi ishirini na mbili. Akaandika.

Kesho napanda basi la alfajiri.
Mfuko wa kukubebea nimeushona,
bitana ya sufi, kamba ndefu ukae kifuani.
Leo nimeujaribu kwa kiazi,
kiazi cha hapa hapa, kikubwa, chenye udongo,
nikazunguka nacho uani asubuhi nzima
huku majirani wakihesabu ukichaa wangu.
Nilipokitoa kilikuwa na joto.

Jioni nilikimenya na vingine.
Atuhaire alisukuma sahani,
akauliza ni kipi.